Sahani Niliyoikataa Kwenye Mwethya

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo, kwa jina la Yesu. Makofi muyaweke kwanza. Leo nimesimama hapa nikiwa na hasira, na sitaki mtu anipigie makofi sasa halafu baadaye ayajutie.

Pasta aliponiomba nitoe ushuhuda alisema, "Mama, waeleze vile Mungu alikuponya." Nikamwambia, Pasta, mimi sijapona. Niko na sukari, na siku yangu ikifika nitazikwa nayo. Kile nilichoachiwa ni mguu. Kama ni ushuhuda, nitatoa wa mguu. Akacheka, akasema sawa. Yeye alidhani natania.

Wengi wenu mnanijua kwa mkono wangu. Harusi ikiwa hapa Kathonzweni, au mazishi, au kumpokea mchungaji mgeni, ni nani husimama kwenye moshi? Chapati zangu mmezila. Wengine mmezifunga kwa leso mkaenda nazo nyumbani, msijifanye hamnisikii. Mimi ni mzaliwa wa Matinyani, nikaolewa huku, na tangu baba ya watoto afariki sufuria ndiyo imenilelea watoto. Mnielewe hapo, kwa sababu mtu wa sufuria akipatikana na ugonjwa wa chakula, huyo amepatikana kweli.

Ilianza na kidole cha mguu, hiki kidogo cha mwisho. Jiwe la jiko lilinigonga kwenye harusi moja, nikafunga kitambaa nikaendelea kupika. Kidonda kikakataa kupona. Nikaweka majivu. Nikaweka dawa ya ng'ombe, ile ya kupuliza. Mwisho nikaenda zahanati, wakanidunga kidole cha mkono, mashini ikasoma juu kabisa. Daktari akaniuliza, "Mama, kwenu kuna mtu mwingine aliye na sukari?" Nikamwambia mama yangu alikuwa nayo. Walimkata mguu chini ya goti, halafu wakamkata juu ya goti, halafu tukamzika. Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Basi wewe huhitaji kuelezwa. Punguza wanga, mguu huo bado ni wako."

Binti yangu anafanya kazi kule Mlolongo. Aliposikia akalia, halafu akaniambia amepata mwalimu mmoja kwenye simu anayefundisha watu wa sukari kuacha wanga wote. Wote! Ugali hapana. Mchele hapana. Chapati, viazi, uji, ndizi, muthokoi, embe, hapana. Hata ndengu na maharagwe akakataa. Nikamuuliza, sasa mimi nile nini? Akasema, "Mwalimu anasema brokoli, jibini na unga wa lozi."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimkasirikia mtu ambaye sijawahi kumwona na macho. Unga wa lozi! Huyo mwalimu amewahi kutembea soko letu? Huku tunakula kile kinachovumilia jua. Mahindi yakikubali tunashukuru, yakikataa tuko na mbaazi, tuko na kunde, tuko na ndengu. Sasa mtu amekaa mahali ambapo mvua inanyesha akitaka, ananiambia hata ndengu ni adui yangu!

Lakini niliukumbuka mguu wa mama yangu, nikatii. Mayai asubuhi, sukuma na parachichi mchana, nyama siku ya soko. Chai kavu isiyo na kitu. Nilifuata kama sheria ya Musa.

Sasa niwaambie uchu ni nini, kwa sababu najua wengine wenu mnafikiri ni ulafi. Njaa inakaa tumboni. Uchu unakaa mdomoni, na puani, na kwa hii mikono. Unaweza kuwa umeshiba mayai mpaka unajisikia kutaga, na bado jirani akifunua sufuria ya muthokoi mate yanakujaa. Na mimi kazi yangu ni nini? Nasimama juu ya kikaango asubuhi mpaka jioni napindua chapati, mafuta yanalia, ile harufu inapanda, na mdomo umefungwa. Nilikuwa natafuna kitunguu kibichi ili ulimi uwe na kazi. Nikawa mkali. Niligombana na kuku. Siku moja nilimfukuza kijana wa mandazi langoni kwangu kwa matusi, na maskini alikuwa hauzi siku hiyo, alikuwa amekuja kuniletea salamu za mama yake.

Haya. Hapo ndipo mwethya ukafika.

Wageni wetu, niwaeleze. Huku wanawake tunasaidiana kuchimba mitaro ya kuzuia udongo usioshwe na mvua. Leo tunachimba kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka tumemaliza wote. Hakuna kulipana. Mwenye shamba anapika, sisi tunachimba, halafu tunakaa chini tunakula chakula chake. Kile chakula ndicho kinafunga mambo. Ukila kwangu, nimekubali jasho lako, na wewe umekubali mkono wangu.

Siku hiyo tulikuwa kwa rafiki yangu. Simtaji jina. Yuko hapa na anajijua, na ameshaanza kurekebisha kitambaa chake. Huyu ni mtu tumezaa pamoja, tumezika pamoja. Tulichimba mpaka jua likasimama, akatupakulia. Muthokoi wa mbaazi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, laini, vitunguu vimekaangwa juu. Akaniletea sahani yangu, na alikuwa amenijazia kuliko wengine kwa sababu ananipenda.

"Mama, shika."

"Asante, mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini na umechimba tangu asubuhi?"

"Nitakunywa maji tu."

Akabaki na ile sahani mkononi. Wanawake wakaacha kutafuna.

"Maji yangu unakunywa," akasema. "Ni chakula changu ndicho unaogopa?"

"Kuogopa nini sasa?"

"Si useme wewe. Sema wote wasikie."

Mnajua alichokuwa anasema. Mtu akikataa chakula cha mwenye boma mbele ya watu, ni kama amemwambia, najua umetia kitu humu ndani. Ningesema ugonjwa wangu pale pale. Sikusema. Na mtaniambia ile methali yenu, mficha maradhi kilio humfichua. Niambieni nyinyi basi: nani ataniita nipike harusi ya mtoto wake akijua niko na kidonda kinachotoa maji? Mkono mmoja tu, kweli, niinulieni. Mnaona? Mmeshika vitabu vya nyimbo. Kwa hivyo nilichukua jembe langu nikaenda, na sahani nikaiacha ikiwa bado imeshikwa.

Woi, maneno yaliyofuata! Eti naringa kwa sababu binti yangu ananitumia pesa. Eti nimeingia dhehebu lisilokula. Na kwa vile nilikuwa nimekonda, wengine wakatazama mabega yangu wakapata ugonjwa wao wenyewe wa kunipa. Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni, mlango huo huo, akaniambia "tunakuombea sana", na macho yake yalikuwa kwenye mifupa ya shingo yangu. Unaniombea nini na hujui niko na nini? Ulimpelekea Mungu uvumi?

Zamu ya kuchimba kwangu ikafika. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, kila mtu anakimbizana na mvua. Nikapika. Nilitwanga mahindi mwenyewe, nikachemsha kwa sufuria ile kubwa ya harusi, nikaweka mbaazi, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali. Nilitaka wakila wajue mimi sina ubaya na mtu. Nikatandika mikeka nikangoja.

Hakuna aliyekuja. Hata mmoja! Niliwaona wakipita kule juu ya barabara na majembe yao, wanaenda kwa mwingine. Mmoja akainama kama anatafuta kitu chini, ili asinisalimie.

Nilisimama karibu na ile sufuria. Nilikuwa sijaonja punje ya mahindi tangu zahanati. Nawaambia ukweli, sikuwa na njaa. Nilikuwa na hasira, na hasira ikapata mwiko. Nilikula nimesimama. Nilikula kwa mwiko, nikala kwa mkono, nikala huku nikilia na kuwatukana mmoja mmoja kwa majina ya baba zenu. Utamu wake, ndugu zangu, ulikuwa unaniuma. Tumbo likakataa, nikakaa chini kidogo, nikaendelea.

Na baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Kesho yake nikala ugali. Kazini nikala chapati za moto kutoka kwenye kikaango. Nilijiambia, kwani ni kwa ajili ya nani najinyima? Watu wenyewe hawa? Dawa za zahanati nikazisahau. Kidonda kikaanza kunuka, nikakivalisha soksi mbili. Binti yangu alipokuja kunitembelea alisimama mlangoni akashika pua, halafu akaangalia chini, akaona mguu. Aliita pikipiki.

Kule hospitali ya mji wa Wote, walikikata kile kidole. Daktari akaniambia bila kuzungukazunguka, "Mama, kidole kimeenda. Sasa tunangoja tuone kama mguu utafuata." Mimi nikalala pale nikiangalia dari. Nilikuwa nasikia vile mama yangu alikuwa akigonga na gongo lake akienda jikoni. Nilikuwa nimelala nikiisikia hiyo sauti mchana kutwa.

Siku mbili hivi baadaye, nani anaingia wodini? Rafiki yangu. Amevaa nguo ya kanisa, amebeba kikapu. Amesikia ninaumwa, kwa hivyo amekuja vile sisi huja. Akatoa thamosi ya chai ya maziwa, sukari imeshawekwa, na chapati zimefungwa kwa kitambaa. Akanimiminia kikombe, akaninyooshea, na uso wake ulikuwa bado umefunga kidogo. Akasema, "Hii nayo pia utakataa?"

Ndugu zangu, nililipuka. Wagonjwa wote waliinuka kwenye vitanda. Nilipiga kelele, "Unataka wanikate mguu! Umekuja kumalizia!" Nikavuta blanketi nikamwonyesha. "Angalia! Hii ndiyo sahani yako niliyokataa! Angalia vizuri, usifunge macho!"

Chai ikamwagika kwenye nguo yake nzuri.

"Hukuniambia," akasema.

"Hukuniuliza! Uliniuliza kama naogopa chakula chako. Uliniuliza kama naringa. Mnaniona nakonda, mnajua kuongea, mnajua kuomba, kuuliza hamjui!"

"Nilifikiri unanidharau. Mbele ya watu wote, mwaitu, mama yangu. Niliona aibu."

"Na mimi nilikuwa naona mguu!"

Akakaa kwenye kitanda akalia. Sikumbembeleza. Wengine husema katika ushuhuda, nikamkumbatia, tukasameheana. Mimi sikumkumbatia, hasira ilikuwa bado iko juu. Akalia mpaka akamaliza, akajipangusa, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa wewe unakula nini?"

Nisikilizeni hapo. Tangu nipatikane na huu ugonjwa, watu walikuwa wameniambia nile, nisile, niombe, nifunge. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nakula nini. Na nilipotaka kumjibu, nikakuta sijui. Nilijua tu nisichokula.

Aliyejibu ni sista wa wodi, aliyekuwa amekimbia kuja kuona nani anauawa. Sista huyo naye ana mdomo! Akatugombeza sisi wawili. "Nani alikwambia uache hata ndengu? Nani alikwambia uache kila kitu siku moja? Ukifunga kila mlango, siku utakayofungua mmoja utavunja nyumba. Ulikula sufuria, sindio?" Wodi nzima ikacheka. Mimi sikucheka, lakini nilisikia. Akatuonyesha na sahani yenyewe: nusu iwe mboga, hapa ndengu au kunde au yai, na hapa kwenye kona ugali kama ngumi yangu iliyofungwa, si kama ngumi ya mwashi. Na dawa kila siku, na kupimwa. Rafiki yangu alikuwa anaangalia ile sahani kuliko mimi. Akaichukua thamosi na chapati zake, akaenda. Kesho yake alirudi na kunde na mayai.

Mguu haukufuata. Hapo sasa mnaweza kupiga makofi. Hayo ni ya Mungu na ya madaktari. Basi, yanatosha.

Niliporudi nyumbani nilikuta mitaro imechimbwa. Huyu rafiki alikuwa ameingia shambani kwangu peke yake na jembe, hajamwita mtu, na walipomwona wengine wakaona haya, wakaja mmoja mmoja. Nawashukuru. Lakini sitadanganya madhabahuni. Walichimba upande wa juu. Mvua ilinyesha kabla hawajafika chini, na kule chini udongo wangu ulienda mtoni na mbegu zake zote. Huo udongo haurudishwi na "pole, mama". Bado nikipita pale damu inanipanda.

Na msifikiri uchu uliisha. Uko hapa. Nikisimama kwenye kikaango unakuja na kunisalimia. Lakini sasa siendi kazini na tumbo tupu. Nakula ndengu zangu kwanza, na nabeba karanga za kuchoma kwenye ncha ya leso. Chumvi ya mchuzi naonja na ncha ya kijiko, nasukutua mdomo na maji. Ngumi yangu ya ugali naila nimekaa chini, polepole, kama mtu mwenye haki nayo. Na uchu ukizidi nampigia simu yule rafiki. Namwambia, "Chapati imenishika." Yeye husema, "Itukane." Basi naitukana chapati, nautukana wanga wa dunia yote, yeye ananisaidia matusi mengine, tunacheka, na tukimaliza saa nyingine imepita. Kuna siku nashindwa. Nikishindwa na kipande, kinabaki kipande. Sirudi kwenye sufuria kwa sababu ya hasira.

Namshukuru binti yangu, ambaye alikosea kwa mapenzi. Namshukuru yule sista na mdomo wake. Namshukuru rafiki yangu, na wewe jua kwamba sijamaliza kukasirika na bado nakupenda. Nyinyi wengine, somo langu ni hili: mtu akikataa sahani yako, weka chini sahani, ukae karibu naye, umuulize anakula nini. Mambo ya kuringa na kurogwa mtayazungumza baadaye kama yatabaki.

Sasa neno la mwisho, na hili si la wote. Nimekuwa nikiwaangalia mkiingia asubuhi hii. Mimi nilitembea na kidonda nikificha, najua vile mtu hukanyaga na kisigino na kujifanya ni mwendo wake. Kuna mtu ndani ya hili kanisa, amevaa kiatu kimoja kikubwa kuliko kingine. Usigeuke. Na nyinyi msimtafute na macho, angalieni mimi! Wewe mwenyewe unanisikia. Hujamwambia mumeo, hujamwambia mtu. Ibada ikiisha nitasimama pale nje kwa tangi la maji. Huhitaji kunieleza kitu. Njoo tu, tutaenda zahanati pamoja leo leo, mimi na wewe, na vidole vyetu kumi na tisa.